Mwenye Kampuni Ni Nani Hasa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wamiliki Manufaa

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara: kutoka kwa wenye kampuni ndogo wanaohangaika na fomu za BRELA (msajili wa kampuni Tanzania) au eCitizen (tovuti ya huduma za serikali Kenya), kwa waandishi wa habari, na kwa wananchi waliochoka kusikia kwamba tenda imekwenda kwa kampuni isiyojulikana ni ya nani. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya. Kwa jambo lenye utata wa kisheria, muone wakili. Ukurasa huu haukai badala yake.

## Ya msingi

1. Mmiliki manufaa ni nani?

Ni binadamu. Si kampuni, si taasisi, si mfuko wa familia. Ni yule ambaye mwisho wa yote ndiye anayekula faida ya kampuni, au ndiye mwenye kauli ya mwisho ndani yake. Wengine humwita mmiliki halisi.

Jina lake linaweza lisionekane popote kwenye hati za usajili. Anaweza asiwe mwanahisa wala mkurugenzi, lakini gawio linaishia kwake, na akipiga simu mkurugenzi anatekeleza.

2. Kwani majina ya wanahisa hayatoshi?

Hayatoshi, kwa sababu mwanahisa anaweza kuwa kampuni nyingine. Unafungua faili la kampuni ya Nairobi, unakuta hisa zote ni za kampuni ya Mauritius. Ya Mauritius ni mali ya kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Hiyo ya tatu inaendeshwa na ofisi ya mawakala ambao hawataji mteja wao. Kila hatua ina karatasi halali zenye mihuri, na bado hujamwona mtu.

Njia ya pili haihitaji visiwa: hisa zinaandikwa kwa jina la shemeji, dereva au kijana wa ofisini. Kwa maoni yetu hii ndiyo iliyoenea zaidi kwetu, ingawa magazeti hupenda kuandika ile ya visiwani. Tazama swali la 12.

3. Hili linahusianaje na rushwa?

Rushwa ndogo hutembea mkononi. Kubwa huandikiwa ankara. Afisa anayegawa mkataba hawezi kujilipa kwa jina lake, hivyo anahitaji kampuni isiyomtaja.

Watanzania wanaikumbuka EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu. Katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa Sh bilioni 133 kutoka akaunti hiyo. Mojawapo, Kagoda Agriculture, ilikuwa imesajiliwa mwishoni mwa Septemba 2005, na ndani ya muda mfupi ikawa imelipwa dola milioni 30.7. Ukaguzi ulipotoka, gavana aliondolewa kazini Januari 2008. Swali la nani hasa yuko nyuma ya Kagoda liliulizwa bungeni, magazetini na vijiweni kwa miaka, na wakati wote huo kampuni ilikuwa na faili lake kwa msajili kama kampuni nyingine yoyote.

Kenya ina Anglo Leasing. Ilipewa kazi ya mfumo wa pasipoti, anwani yake ikiwa Liverpool, Uingereza. Walipotafuta, hawakukuta kampuni iliyosajiliwa kwa jina hilo. Ilikuwa sehemu ya mikataba 18 ya usalama yenye thamani ya takriban dola milioni 770. John Githongo, aliyekuwa katibu mkuu anayesimamia maadili na utawala bora, alijiuzulu mapema mwaka 2005 akiwa London baada ya kufuatilia suala hilo. Sehemu inayouma zaidi ilikuja baadaye: mwaka 2014 serikali ililipa zaidi ya Sh bilioni 1.4 za Kenya kwa kampuni zenye uhusiano na mikataba hiyo, kwa kuwa zilikuwa zimeishinda mahakamani Ulaya. Mkataba ukishatiwa saini, mahakama inaangalia saini.

4. Na utakatishaji fedha? Si ni jambo moja?

Ni ndugu, lakini si jambo moja. Rushwa ni namna ya kupata fedha. Utakatishaji ni namna ya kuzifanya zionekane zimetoka kwenye kazi halali. Kampuni isiyo na uso inafaa kwa yote mawili.

Kesi inayofundisha kuliko zote katika eneo letu ni ya hatifungani ya Tanzania ya dola milioni 600. Benki ya Standard ya London na benki dada yake ya Dar es Salaam, Stanbic, zilikuwa zikitafuta kazi ya kuikusanyia serikali mkopo huo. Ada yao ilikuwa asilimia 1.4. Ikapandishwa hadi asilimia 2.4, na ile asilimia moja ya nyongeza, yaani dola milioni 6, ikaelekezwa kwa kampuni ya Dar iitwayo EGMA. Kwa mujibu wa maelezo yaliyofikishwa mahakamani London, mwenyekiti wa EGMA, ambaye pia alikuwa mwanahisa wake, alikuwa wakati huohuo kamishna mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Hakukuwa na ushahidi wa kazi yoyote ya maana ambayo EGMA iliifanya. Fedha ziliingia Machi 2013, na ndani ya siku chache sehemu kubwa ikatolewa taslimu. Wafanyakazi wa tawi ndio walioshtuka kuona noti zinavyochotwa, wakatoa taarifa ndani ya benki.

Novemba 2015 benki ya London ilikubali kulipa faini na kurejesha faida yake, na Tanzania ikarudishiwa dola milioni 6 pamoja na riba. Tazama vizuri kilichokosekana. Hapakuwa na kisiwa wala mnyororo wa kampuni tano. Mwenyekiti alikuwa mtu maarufu mjini. Wakubwa wa London walidhani wa Dar wameshaichunguza EGMA, wao wenyewe hawakuuliza kampuni hiyo ni ya nani na inalipwa kwa kazi gani.

5. Je, kampuni hewa, kampuni ya mfukoni na kampuni ya nje ya nchi ni kitu kimoja?

Hapana. Kampuni hewa haina shughuli. Ya mfukoni ina mtu mmoja, mhuri na simu, lakini inaweza kuwa inafanya biashara ya kweli. Wafanyabiashara wengi wakubwa walianzia hapo. Ya nje ya nchi imesajiliwa ugenini tu. Zote zaweza kutumiwa vibaya, na zote zaweza kuwa safi.

## Sheria inasema nini

6. Kenya inataka nini?

Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015 na kanuni za mwaka 2020, kila kampuni iwe na daftari lake la wamiliki manufaa na kupeleka nakala kwa Msajili. Mfumo wa mtandaoni ulifunguliwa Oktoba 2020 chini ya BRS, idara ya usajili wa biashara. Unahesabiwa kuwa mmiliki manufaa ukitimiza hata kigezo kimoja kati ya hivi: una angalau asilimia 10 ya hisa, moja kwa moja au kupitia wengine, una angalau asilimia 10 ya kura, una haki ya kuteua au kuondoa mkurugenzi, au una ushawishi mkubwa juu ya kampuni.

Daftari hupelekwa ndani ya siku 30 tangu kukamilika, na mabadiliko ndani ya siku 14. Anayepuuza anaweza kutozwa faini ya hadi Sh 500,000 za Kenya, kampuni na kila afisa wake aliyehusika, na Sh 50,000 kwa kila siku kosa linapoendelea.

Asilimia 10 ni kiwango kikali. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya zilichagua asilimia 25, kiwango ambacho ndugu watano wakigawana sawasawa wote wanakikwepa.

7. Na Tanzania?

Marekebisho yaliingia kupitia Sheria ya Fedha ya 2020, kisha kanuni za mwaka 2021. Taarifa hupelekwa BRELA kupitia mfumo wake wa usajili wa mtandaoni. Kampuni zilizokuwapo kabla ya sheria nazo zilitakiwa kujaza, jambo ambalo wengi walilishtukia walipotaka kufanya mabadiliko mengine, kwa mfano kubadili mkurugenzi.

Sekta ya madini, mafuta na gesi ina sheria yake ya uwazi na uwajibikaji ya mwaka 2015, inayotaka majina ya watu wenye hisa katika kampuni za uziduaji yachapishwe. Huko, walau kisheria, Tanzania iliutangulia mfumo wake wa jumla.

8. Serikali zetu zilikumbuka hili kwa hiari?

Kwa kiasi. Msukumo mkubwa umetoka FATF, chombo cha kimataifa kinachopima nchi katika vita dhidi ya fedha haramu. Nchi ikionekana kulegea huwekwa kwenye orodha ya kijivu, na mabenki ya nje huanza kuuliza maswali mengi kwa kila muamala. Tanzania iliingia Oktoba 2022 ikatoka Juni 2025. Uganda ilitoka Februari 2024, mwezi uleule Kenya ilipoingia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia pamoja na Tanzania mwaka 2022.

Kongo ilikuwa na sababu zake za ndani hata bila FATF. Ripoti ya Africa Progress Panel, jopo lililoongozwa na Kofi Annan, ilikadiria mwaka 2013 kwamba nchi hiyo ilipoteza dola bilioni 1.36 katika mauzo matano ya mali za madini kati ya 2010 na 2012. Mali ziliuzwa kwa bei ya chini kwa kampuni za visiwani, nazo zikaziuza tena kwa bei ya soko.

## Kujaza fomu

9. Kampuni ni yangu na mke wangu tu. Lazima nijaze?

Ndiyo. Ninyi wawili ni wanahisa na pia ni wamiliki manufaa, mnajiandika tena. Inaudhi, lakini ni kazi ya muda mfupi. Andaa majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, uraia, namba ya kitambulisho au pasipoti, namba ya mlipakodi, anwani, simu, barua pepe, na aina ya umiliki wa kila mmoja. Kosa la kawaida ni jina la kwenye kitambulisho kutofanana na la kwenye hati za kampuni: Mohamed hapa, Mohammed kule.

10. Nina hisa kwenye kampuni ambayo nayo ina hisa kwenye kampuni nyingine. Nahesabuje?

Zidisha. Tuseme una asilimia 60 za kampuni ya usafirishaji, na kampuni hiyo ina asilimia 30 za kiwanda cha saruji. Sehemu yako kiwandani ni 60 mara 30, yaani asilimia 18. Kwa Kenya umevuka kiwango, uandikwe.

Badili kidogo: una asilimia 30 za usafirishaji badala ya 60. Sasa kiwandani una asilimia 9. Kwa hisa pekee hukuvuka. Lakini usifunge kalamu bado. Je, kwa makubaliano ya wanahisa ni wewe unayechagua mkurugenzi wa kiwanda? Basi umeingia kwa mlango huo mwingine. Vilevile, mwenye asilimia 60 za usafirishaji kwa kweli anazipiga kura zote 30 za kiwandani, si 18. Kwa hiyo hesabu ya faida na hesabu ya mamlaka hazitoi jibu moja kila mara, na fomu inataka zote.

11. Ikiwa hakuna anayefikia kiwango, au mtu anakataa kutoa taarifa zake?

Kama hakuna anayefikia kwa hisa, pitia vigezo vya mamlaka katika swali la 6. Ikishindikana kabisa, utaratibu wa FATF unaofuatwa na mabenki ni kumtambua kiongozi mkuu wa uendeshaji.

Anayekataa huandikiwa notisi, kisha onyo. Kanuni za Kenya zinairuhusu kampuni kuziwekea hisa zake vizuizi: hapigi kura, halipwi gawio, hawezi kuziuza. Tunza nakala za barua zote. Ndizo kinga yako Msajili akiuliza.

12. Bosi ameniomba jina langu litumike kwenye kampuni yake. Nikubali?

Swali hili hutufikia kwa sauti ya chini kuliko mengine yote, na mara nyingi muulizaji ameshakubali.

Kushika hisa kwa niaba ya mtu si kosa kwa lenyewe, ilimradi mwenyewe atajwe kama mmiliki manufaa. Ukiambiwa asitajwe, hapo jiulize kwa nini. Kodi isipolipwa, barua inakuja kwako. Kampuni ikikopa, sahihi ni yako. Ikichunguzwa, jina la kwanza mezani kwa mpelelezi ni lako, na bosi atasema hakujui zaidi ya kuwa ulimwendeshea gari.

Kenya jambo hili limechukua sura ya pekee kwenye tenda zilizotengwa. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Matokeo yake kijana anaombwa cheti na kitambulisho, kampuni inasajiliwa kwa jina lake, tenda inapatikana, yeye anapewa kiasi kidogo cha shukrani na fedha zilizobaki zinakwenda kwa aliyekuwa na mtaji na watu wa kumfungulia milango. Aliyeumizwa hapo si serikali pekee. Ni kijana mwingine aliyeomba kwa haki akakosa.

Kama tayari umo ndani: omba nakala za hati zote ulizotia sahihi, mwandikie bosi kwa maandishi kwamba unataka taarifa zirekebishwe au utolewe, na umwone wakili ambaye si wake.

## Nani anaruhusiwa kuona

13. Naweza kwenda kuliona daftari la wamiliki manufaa?

Kwa sasa, Tanzania na Kenya daftari hilo halijafunguliwa kwa umma. Linaonwa na vyombo vinavyohusika: wapelelezi, mamlaka za kodi, vitengo vya fedha haramu, taasisi za kupambana na rushwa. Kenya ilirekebisha kanuni zake mwaka 2022 ili kampuni zinazoomba zabuni za umma ziwataje wamiliki wao kwa taasisi inayonunua.

Unachoweza kupata ni taarifa za kawaida. Kenya, omba CR12 ya kampuni kupitia eCitizen; itakupa wakurugenzi na wanahisa. Tanzania, lipia upekuzi BRELA. Ikiwa mnyororo unafika Uingereza, tovuti ya msajili wa huko haitozi kitu, na tangu 2022 kuna pia daftari la kampuni za kigeni zenye nyumba na ardhi Uingereza. Mwandishi wa Nairobi anaweza leo kujua zaidi kuhusu kampuni ya London kuliko kuhusu ile iliyo ghorofa ya juu ya ofisi yake.

14. Kwa nini lisifunguliwe kwa wote?

Hoja ya wanaopinga ni usalama na faragha: utekaji, wizi wa utambulisho, majirani wachokozi. Si hoja ya kupuuza. Novemba 22, 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliifuata, ikabatilisha kanuni iliyotaka madaftari ya Ulaya yawe wazi kwa kila mtu, na nchi kadhaa zikafunga milango ndani ya siku chache. Sheria iliyofuata ya 2024 inawapa nafasi wenye sababu halali, wakiwemo waandishi na mashirika ya kiraia.

Lakini kati ya kufunga na kufungua kuna njia nyingi. Uingereza inaonyesha mwezi na mwaka wa kuzaliwa bila tarehe, na anwani ya mawasiliano badala ya nyumbani. Huyo mwenye kampuni bado analala salama. Sisi tunaona kampuni inayolipwa fedha za umma haina sababu ya kupewa usiri wowote kuhusu wamiliki wake. Kwa duka la familia, tunaweza kubishana.

## Yenye utata

15. Mtu akiandika uongo kwenye daftari?

Ni kosa la jinai, lakini uongo hukamatwa pale tu mtu anapoukagua. Kwa miaka mingi msajili wa Uingereza alipokea chochote kilichoandikwa. Kampuni moja iliwahi kumwandikisha mkurugenzi ambaye jina lake kwa Kiitaliano maana yake ni Mwizi wa Kuku, mkazi wa Mtaa wa Wezi Arobaini. Ilipita. Uhakiki wa lazima wa utambulisho ulianza Novemba 2025, karibu miaka kumi baada ya daftari lenyewe kufunguliwa.

Afrika Mashariki ina nafasi nzuri hapa kuliko tunavyojisifu. Vitambulisho vya taifa vipo, kama vya NIDA Tanzania, namba za mlipakodi zipo, laini za simu zimesajiliwa. Mfumo wa msajili ukisoma taarifa hizo moja kwa moja, Mwizi wa Kuku anakwama kwenye ukurasa wa kwanza. Kinachobaki kigumu ni yule wa swali la 12: kitambulisho ni cha kweli, mwenye jina yupo, ila kampuni si yake.

16. Mmiliki akiwa Marekani, atajulikana?

Imekuwa vigumu tena. Sheria yao ya uwazi wa kampuni ilianza kutumika Januari 1, 2024, ikitaka wamiliki watajwe kwa wizara ya fedha. Machi 2025 wizara hiyo ikaziondolea wajibu huo kampuni zote zilizoanzishwa nchini humo. Nchi iliyozoea kuwahubiria wengine.

17. Kumiliki kampuni ya nje ya nchi ni kosa?

Si kosa. Familia hufanya hivyo kwa mirathi, wawekezaji kwa ubia, wengine kwa usalama. Nyaraka za Pandora za Oktoba 2021 zilipotaja familia ya aliyekuwa rais wa Kenya, Uhuru Kenyatta, wengi walihukumu papo hapo. Waandishi waliozichapisha wenyewe walisema nyaraka hizo hazikuonyesha kwamba fedha za umma ziliibwa. Kosa huanza pale mali inapofichwa isitajwe mahali sheria inapotaka itajwe: kwa mamlaka ya kodi, au, kama mwenye mali ni kiongozi wa Tanzania, kwenye tamko lake kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma.

18. Nimeona jina la kiongozi kwenye kampuni iliyopata tenda. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha ni yeye. Majina yetu yanajirudia mno. Hassan Juma wa kwenye CR12 anaweza kuwa mmoja wa mamia, na tarehe ya kuzaliwa ambayo ingemaliza ubishi iko kwenye daftari usiloruhusiwa kuliona. Linganisha anwani, wakurugenzi wenzake, sahihi, mwaka wa usajili. Usimtaje mtandaoni kabla.

Kisha panga unachojua kwa tarehe: kampuni ilisajiliwa lini, zabuni ilitangazwa lini, nani alikuwa kwenye nafasi gani siku hiyo. Kampuni iliyozaliwa wiki chache kabla ya tangazo ni dalili, si ushahidi. Peleka kwenye taasisi ya kupambana na rushwa: EACC Kenya, au TAKUKURU Tanzania, ambako namba 113 ni ya bure. Andika jina la aliyekupokea, omba namba ya kumbukumbu, na usimwachie mtu nakala zako halisi.